Utangulizi: Umbo Linapozunguka

Ndoo iliyojazwa hadi nusu ya kimo chake haina nusu ya maji. Chukua moja ya zile zinazopangwa foleni bombani hapa kambini Dzaleka, Malawi: nusukipenyo cha chini sentimita 10, cha juu 14, kimo 30. Ikijaa hubeba takriban lita 13.7. Ikijazwa hadi sentimita 15 hubeba lita 5.7 tu. Lita moja na ushei imekwenda wapi?

Ndoo ni trapeza iliyozungushwa kwenye mhimili. Sehemu ya trapeza iliyo mbali na mhimili husafiri njia ndefu, hivyo hupita nafasi kubwa zaidi, na kwenye ndoo sehemu hiyo iko juu. Pappus wa Alexandria alilitambua jambo hili katika karne ya 4: mjao ni eneo la umbo mara njia inayopitwa na kitovu chake, yaani ile nukta ambapo kadibodi ya umbo hilo ingetulia juu ya ncha ya penseli. Karne ya 17 Paul Guldin akaitangaza kanuni hii upya, na vitabu vingi huipa jina lake.

Tuijaribu. Pembetatu mraba ikizungushwa huwa pia, mstatili huwa silinda. Pembetatu ni nusu ya mstatili. Kitovu chake kiko theluthi ya upana kutoka mhimili. Cha mstatili kiko nusu. Njia ya kitovu cha pembetatu basi ni theluthi mbili ya ile ya mstatili, na nusu ya theluthi mbili ni theluthi moja. Ndiyo maana mjao wa pia ni theluthi ya silinda, jambo ambalo wengi wetu tulilikariri bila kuambiwa sababu.

Ukishuka Lilongwe, maghala ya nafaka ya Kanengo ni mistatili iliyozungushwa, na mahindi yanayomiminwa humo kutoka juu hujirundika kama pia. Mtungi ni mgumu zaidi, kwa kuwa kitovu chake hakipatikani kirahisi. Hapo tunafuata njia ya Kepler, aliyeandika juu ya mapipa ya mvinyo mwaka 1615: kata visahani vyembamba, pima kila kimoja, jumlisha.

Wewe uliyeanza hesabu kwa Kifaransa Uvira au Bujumbura, ukaikuta kwa Kiingereza Malawi, karibu. Sura ya kwanza inataka mkasi na kadibodi. Kalkulasi itasubiri hadi ya tatu.