Chai Isiyoharibiwa na Moto

Kalata-kalata ni mmea mdogo wa Kasai, katikati ya Kongo, ulio wa ukoo mmoja na mti wa kahawa. Wanawake wa Kilulua, wa pande za Kananga, waliuchuma, wakauchemsha, kisha mama aliyeshikwa na uchungu akanywa funda kwa funda ili mtoto asikawie njiani. Dawa yenyewe ndiyo hiyo: mmea, maji na moto. Wataalamu wa mimea huuita Oldenlandia affinis.

Habari zake zilitoka Kongo na daktari wa Norway, Lorents Gran, aliyekwenda huko miaka ya 1960 na ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Kwa maelezo yake, haikuwa chai ya kutuliza roho tu. Mikazo iliyofuata ilikuwa mikali kupita kawaida, na wapo waliolazimika kufanyiwa upasuaji. Gran aliuchukua mmea hadi kwao, akaupima kwa wanyama wa maabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akachapisha alichokiona: ndani ya ile chai mna kipande kidogo cha protini kinachoukaza mji wa mimba. Kikaitwa kalata B1, kwa jina ambalo wanawake walikuwa nalo tayari.

Hapo ndipo penye ajabu. Kwa kawaida protini haivumilii moto. Yai likichemshwa haliwezi kurudi kuwa bichi. Hata oksitosini, homoni ya uchungu ambayo mwili hujitengenezea na ambayo hospitali huitoa kwa sindano au dripu, inatakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na katika zahanati isiyo na umeme wa uhakika huo ni mzigo wa kila siku. Kalata B1 inatokoswa jikoni, inatoka sufuriani ikiwa nzima. Ikiingia tumboni, vimeng’enya vinavyosaga nyama na maharage haviikati kwa urahisi.

Sababu ilifahamika kikamilifu mwaka 1995, umbo la kalata B1 lilipochorwa. Ina asidi amino 29. Protini nyingi ni uzi wenye ncha mbili, na baadhi ya vimeng’enya huanzia nchani kuzila. Hii haina ncha: mwanzo na mwisho wake vimeungana, ikawa duara. Ndani ya duara hilo mna vifungo vitatu vya salfa, na kimoja kinapita katikati ya pete inayofanywa na viwili vingine. Ni fundo lisilofunguka kwa moto wala kwa tindikali. Protini za aina hiyo zikaja kupewa jina la saiklotidi, kazi iliyoongozwa na David Craik wa Australia, na zimepatikana kwenye mimea mingi mingine. Mwaka 2013 watafiti wa Vienna na wenzao wakaonyesha kwamba baadhi ya saiklotidi za kalata-kalata hujishika kwenye vipokezi vilevile vya oksitosini.

Elimu hiyo yote imeota juu ya sufuria ya wanawake wa Kasai. Kila inaposimuliwa, Gran hutajwa kwa jina lake. Wale walioichemsha chai hiyo kwanza hutajwa kwa jina la kabila lao tu.

Na bado chai haijajieleza yote. Saiklotidi hazipenyi kwa urahisi kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Zinafikaje basi kwenye mji wa mimba? Mmea huo una serotonini pia, nayo hukaza misuli, je, zinasaidiana?

Kwamba dawa inafanya kazi si habari ya kufurahia tu. Mji wa mimba ukikaza, damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma hubanwa. Ukilegea, damu hurudi na mtoto hupata oksijeni. Uhai wake uko katika kupokezana huko. Mikazo ikifuatana bila nafasi, mtoto hukosa hewa, na mji wa mimba wenyewe unaweza kupasuka. Kwa dripu, mkunga huanza na matone machache, husikiliza moyo wa mtoto, huongeza, na hali ikigeuka hufunga. Nguvu ya oksitosini huanza kushuka baada ya dakika chache. Chai iliyokwisha kunywewa haina mahali pa kufungwa.

Marekani ilijifunza hivyo kwa msiba. Mwaka 1808 daktari John Stearns aliusifu unga wa kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka, kwa jinsi ulivyoharakisha uzazi. Madaktari wakaushika kwa hamu. Kufikia miaka ya 1820, David Hosack wa New York alikuwa akionya kwamba watoto wanaozaliwa wafu wameongezeka, akashauri unga huo ubaki kwa kazi ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka. Waliokosea hapo walikuwa madaktari.

Kalata-kalata ni ya kuongeza uchungu ulioanza. Kuuanzisha ni jambo jingine, na huko ndiko wengi wanakopapasa wiki za mwisho. Mafuta ya nyonyo yana nguvu ya kweli: mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha, kwa panya, kwamba asidi inayotokana nayo huamsha vipokezi vya namna moja kwenye utumbo na kwenye mji wa mimba. Kuharisha na mikazo huja kwa mlango mmoja, na mama anaweza kufika leba akiwa ameishiwa maji. Tende ni pole zaidi. Waislamu wanaikumbuka katika Sura ya Maryam, na utafiti wa Jordan uliochapishwa 2011 uliona kwamba waliokula 6 kwa siku katika wiki 4 za mwisho walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi. Hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo ushahidi huo ni wa kushikwa kwa uangalifu.

Swali la kwanza, hata hivyo, ni la tarehe. Wiki 40 ni makadirio; Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchungu uanzishwe wiki 41 zikishatimia. Mama asiyekuwa na hakika ya hedhi yake ya mwisho anaweza kuhangaika na mimba ambayo haijachelewa, akamtoa mtoto asiyekomaa. Aliyewahi kupasuliwa, ambaye mtoto amelala kingamo, au ambaye kondo limeziba njia, hana dawa ya nyumbani iliyo salama, iwe ya kuanzisha au ya kuongeza.

Wanaokunywa dawa hizo huficha, kwa kuwa mara nyingi jibu linalowangoja ni kukaripiwa. Matokeo yake, dripu hutundikwa juu ya dawa ambayo mkunga haijui, na nguvu mbili hukutana kwenye mji wa mimba mmoja. Swali la kama mama amekunywa chochote, ni nini na saa ngapi, linapaswa kuulizwa kwa sauti ya kawaida, pamoja na lile la chupa kupasuka, kabla oksitosini haijafunguliwa.