Kompyuta ya Gemu Ukiwa Kisegi: Ya Kiwandani, Mtumba wa Ofisi au ya Kuunda?

Mtu wa Nairobi akitaka kompyuta ya gemu huingia Luthuli Avenue asubuhi, na ikimletea shida Jumatatu anairudisha Jumanne. Huku kwetu Kisegi, kando ya ziwa, hesabu haiendi hivyo. Miji ya Homa Bay na Migori ina maduka ya laptopu na mafundi wa simu wa kutosha, lakini ukiuliza kadi ya grafiki mara nyingi utaambiwa usubiri iagizwe Kisumu au Nairobi. Ndiyo maana katika ulinganisho huu sitaanza na kasi ya mashine. Naanza na jambo ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa: ikizima usiku isiwake tena, nani ataifungua, na kipuri kitatoka wapi?

Watu huzungumzia njia mbili, kununua iliyokamilika au kuunda. Huku kwetu ziko tatu, na ile ya tatu ndiyo inayonunuliwa zaidi: kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, ikaletwa Kenya kwa kontena, ikapanguswa na kuuzwa kwa jina la ex-UK. Ni zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre unazoziona kwenye saiba na kwenye maabara za shule. Ni ngumu, hazina makuu, na bei yake haina mpinzani. Tatizo ni kwamba hazikuundwa kwa gemu, na kuzigeuza kuna mtego ambao umewala wengi.

Mtego wenyewe ni huu. Mashine hizi huja kwa maumbo mawili makuu: mnara wenye nafasi ndani, na ile nyembamba inayolazwa chini ya skrini. Nyembamba huwa rahisi kidogo na huvutia macho. Lakini kadi ya grafiki ya kawaida haiingii humo. Inataka kadi fupi, ambazo ni adimu na bei yake iko juu. Hata kwenye mnara, pawa saplai ni ndogo. OptiPlex 9020 ya mnara, kwa mfano, ina wati 290 tu, na ile nyembamba ina 255. Tena waya zake si za kawaida: Dell na HP za kizazi hicho hutumia plagi zao wenyewe kuunganisha pawa saplai na madabodi, kwa hiyo huwezi kuchukua saplai yoyote ya dukani ukaichomeka bila adapta.

Inabaki kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, inayojilisha kutoka kwenye nafasi yake pale kwenye madabodi, ambapo kiwango cha juu ni wati 75. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 ziko katika kundi hilo, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 nayo imo. Kabla ya kulipa, itazame kadi ukingoni: baadhi ya watengenezaji huiongeza GTX 1650 kasi kidogo na kuiwekea tundu la waya wa pini sita. Hiyo si yako.

EA Sports FC 25, gemu ambalo ndilo hasa linalowafanya vijana wengi watake kompyuta, linataka kwa uchache prosesa ya kiwango cha Core i5-6600K, ramu ya GB 8, kadi ya GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kwa hiyo mnara wa kizazi cha sita wenye kadi hiyo unalicheza, bila mbwembwe. GTA V, lililotoka kwa kompyuta mwaka 2015, halitakusumbua hata kidogo.

Lakini kuna tarehe ya kukumbuka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kuna ujanja wa kuilazimisha iingie, na mafundi wanaujua, ila baadhi ya gemu za mtandaoni hukagua usalama wa mashine zenyewe. Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot. Muuzaji anayekupigia debe la Core i7 ya kizazi cha nne anakuuzia nambari kubwa ya zamani. Kama unaweza kuongeza elfu kadhaa, tafuta OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, za kizazi cha nane.

Tahadhari nyingine, na hapa sitazunguka. Siku hizi mtandaoni kuna mashine zinazotangazwa kama kompyuta za gemu, kasha jipya la kioo, taa za kila rangi, na ndani yake ni madabodi ileile ya ofisi imeng'olewa ikafungwa kwa adapta. Unalipia taa. Omba picha ya ndani na jina kamili la madabodi na la pawa saplai. Muuzaji akianza kukwepa, kata simu.

Sasa mashine mpya za kiwandani, kama HP Victus na Lenovo Legion. Ikiwa na kadi ya maana, mara nyingi bei yake hupita laki moja, na monita bado. Unachopata ni utulivu wa moyo: sehemu zote zimejaribiwa pamoja, Windows ni halali, na kuna waranti. Ila isome hiyo waranti vizuri. Je, ni ya mtengenezaji au ya duka? Mashine itatengenezwa wapi, na nani atalipa usafiri wa kwenda na kurudi? Mtu wa Westlands anaipeleka mwenyewe kwa teksi. Wewe utaifunga kwenye boksi, uipandishe bodaboda, kisha matatu, kisha uilipie parseli ya basi hadi Nairobi, na ukae wiki ukipiga simu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakulinda dhidi ya bidhaa isiyolingana na maelezo ya muuzaji, lakini haikulipii nauli ya matatu. Shika risiti hata hivyo, na iandikwe modeli kamili na siku za waranti, si neno "kompyuta" peke yake.

Kampuni kubwa pia zina tabia ya kutengeneza vipuri vya umbo lao. Alienware za Dell kwa miaka mingi zilikuja na madabodi ambayo haitoshi kwenye kasha lingine lolote. Ikiungua baada ya waranti kuisha, unatafuta kipuri kimoja mahususi katika nchi nzima.

Hapo ndipo kuunda kunapojieleza. Kompyuta ya kuunda hutumia vipimo vya kawaida: pawa saplai ikifa, ya kampuni nyingine yoyote inaingia, ramu ikifa, unaagiza kijiti kimoja kinachofika kwa parseli ndani ya bahasha. Fundi wa simu mwenye bisibisi na subira anaweza kuibadilisha huku akisikiliza maelekezo ya mwenzake wa Kisumu kwa simu. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: barabara. Kadi kubwa ya grafiki ikiwa imechomekwa ndani ya kasha, mitikisiko ya barabara ya changarawe huivuta hadi tundu lake likapasuka. Ukiagiza vipuri, kila kimoja husafiri kwenye boksi lake na sponji yake, na kazi ya kuunganisha inafanyiwa nyumbani. Ukiwa umenunua iliyokamilika, mwambie muuzaji aitoe kadi na kuifunga kando. Usimwonee haya.

Kwa mtu anayeanza, mimi ningejenga juu ya Ryzen 5 5600G ya AMD. Ni prosesa ya 2021 yenye grafiki yake humohumo, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi kabisa, ukacheza GTA V, eFootball na Counter-Strike 2 kwa mipangilio ya chini, kisha ukaongeza kadi mavuno yakija au samaki wakipanda bei. Hesabu yangu ya bajeti, bila monita, ni kati ya elfu 60 na 80 ukiwa na ramu ya GB 16, diski ya SSD na pawa saplai ya jina linalojulikana. Kwenye pawa saplai usibane. Ile isiyo na jina, inayotolewa bure pamoja na kasha, ndiyo huungua na kuondoka na madabodi.

Bei, lakini, hazitulii. Januari 2024 dola ilikuwa inakaribia shilingi 160. Kabla mwaka huo kuisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na si kila duka lilikumbuka kushusha. Mwishoni mwa 2025 ramu ilipanda bei duniani kote kwa sababu viwanda vinazipeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa iliyokuwa ikiuzia watu wa kawaida kama sisi. Hili linampiga anayeunda kuliko anayenunua mtumba, maana mashine ya ofisi inakuja na ramu yake ndani. Na ukifikiria kujiagizia kadi kutoka nje, ongeza VAT ya asilimia 16 na ada za forodha kabla ya kushangilia bei ya Amazon.

Stima nayo ni gharama ya kila siku. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani ni kwa wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Mashine inayovuta wati 250 pamoja na skrini, ikichezwa saa nne kila siku, inamaliza uniti moja kwa siku. Yaani gemu peke yake linakula zile 30 zote, na taa, simu na redio ya mama vinakutoa kwenye kundi la bei nafuu. Mashine ya 5600G isiyo na kadi, ikivuta kama wati 100 na skrini yake, inakula uniti 12 kwa mwezi. Tofauti hiyo utaiona kwenye tokeni kabla hujaiona kwenye mchezo. Vyovyote utakavyochagua, nunua UPS kabla ya kununua kibodi ya taa. Stima inaporudi kwa kishindo baada ya kukatika ndipo mashine nyingi hufa.

Halafu kuna visubi wa ziwa, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kuvamia kila balbu jioni. Kompyuta yenye kasha la kioo, taa na feni tatu za kuvuta hewa inawaita kwa jina. Fungua mashine iliyokaa miezi michache karibu na dirisha linalotazama ziwa: kati ya mapezi ya chuma ya kupozea prosesa utakuta utando wa kijivu wa vumbi na mbawa, hewa haipiti, na feni inalia kwa kazi isiyo na matunda. Kasha lenye wavu mdogo mbele, unaotolewa na kuoshwa, lina thamani kuliko taa zote. Asiye nalo anyooshe kipande cha soksi ya nailoni mbele ya feni na akikung'ute kila wiki.

Gharama ambayo haionekani kwenye bei ya duka ni ya kushusha gemu lenyewe. GB 100 za FC 25 si mchezo. Starlink ilipoleta kifurushi chake cha GB 50 kwa shilingi 1,300 mwaka 2024, gemu hilo moja lingemaliza vifurushi viwili. Kama una rafiki Kisumu mwenye intaneti isiyo na kikomo, mpelekee diski ya nje. Steam inakuruhusu kunakili faili za gemu kutoka mashine nyingine, kisha ikashusha masahihisho tu. Mwambie muuzaji wa mashine akuwekee gemu zako kwa akaunti yako kabla hajaituma. Wengi hukubali.

Kama nia yako ni kibanda cha kuchezesha vijana kwa mechi, nunua PlayStation 4 ya mtumba. Vidole vyao vimeizoea, na hawatakulipa zaidi kwa sababu una kompyuta. Kompyuta inajilipa ikiwa mchana inafanya kazi: maombi ya KUCCPS na HELB, eCitizen, ripoti za KRA, kuchapa na kutoa kopi. Usiku ndio iwe ya gemu.

Uamuzi wangu, basi. Ukiwa na chini ya elfu 40, nunua mnara wa ex-UK, usinunue nyembamba, kizazi cha nane ukiweza, na uongeze kadi isiyotaka waya. Ukiwa na elfu 60 na zaidi, unda, na uanze bila kadi kama bei ya ramu imekubana. Mpya ya kiwandani mwachie mwenye laki na zaidi anayefika Nairobi au Kisumu mara kwa mara kwa shughuli zake nyingine. Na yoyote utakayochagua, iwashwe mbele yako au mbele ya mtu unayemwamini, gemu lichezwe nusu saa nzima, ndipo utume pesa kwa M-Pesa.