Je, Hadithi ya Matumaini Yahitaji Mwovu?

Mwanafunzi mmoja wa Kihesa, mjini Iringa, aliwasomea wenzake mbele yangu hadithi aliyoitunga juu ya mtaa wao katika mwaka 2100. Kila nyumba yapata umeme wa jua, mahindi hayabunguliwi ghalani, wala hakuna amwoneaye mwenziwe. Wenzake walisikiliza kurasa mbili. Katika ya tatu wakaanza kutazama dirishani. Akaniuliza: "Mwalimu, ni lazima nimtie mwizi ndipo wasikilize?"

Swali hilo lastahili jibu, kwani kijana akiamini kwamba matumaini hayasimuliki, huenda akaacha kuyawaza.

Tuanze na Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951), nchi iliyo angani, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Yeye na wajumbe anaowasimulia ni watu wema. Kinachotushika ni upinzani wa waziri Majivuno. Mgogoro upo, ingawa shujaa hana ila kubwa.

Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alikwenda mbali zaidi. Katika Walenisi (1995), Dzombo anahukumiwa, anarushwa angani ndani ya chombo, na kufika katika nchi ya usawa. Dhalimu kamwacha nyuma. Je, hadithi yakoma? La. Dzombo amekuja na mawazo ya kwao, naye hana budi kujifunza upya. Ila yake ni kutojua, na hiyo yatosha kuisukuma hadithi.

Kwa hiyo nilimjibu kijana yule: usimtie mwizi, mrudishe dumuzi. Mdudu huyu wa asili ya Amerika alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akageuza unga mahindi makavu ambayo wakulima waliyadhani salama. Basi katika ghala la mwaka 2100 na aingie mdudu mgeni, asiyejulikana dawa yake. Mpe kazi mtaalamu mwema, lakini jaribio lake la kwanza lishindwe. Msomaji atataka kujua kosa li wapi na litasahihishwaje. Ndivyo maabara ziendeshavyo kazi kila siku, bila ya mwovu yeyote.

Walimu wa sayansi na wa Kiswahili waweza kulifanya zoezi hili pamoja: mmoja akague mdudu, mwingine akague sentensi.