Kutoka Tumboni hadi Mnadani: Sayansi ya Farasi kama Taaluma ya Chuo Kikuu

Sayansi ya farasi, kama inavyofundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani, Uingereza na Ayalandi, ni taaluma inayomchunguza mnyama huyu kwa pande mbili zisizoachana: upande wa mwili wake, yaani lishe, uzazi, mwendo, kinga na tabia, na upande wa biashara inayosimama mgongoni mwake, yaani ufugaji wa mbegu bora, mbio, michezo ya kupanda, minada na bima. Wengi huichanganya na udaktari wa mifugo, lakini kazi hizi mbili ni tofauti, kwa sababu daktari huitwa farasi akishaugua, ilhali mhitimu wa sayansi ya farasi huajiriwa ili farasi asifike huko. Nchini Marekani shahada hii ya kwanza huchukua miaka minne, na anayetaka udaktari hulazimika kuingia chuo cha tiba ya wanyama kwa miaka mingine minne, hivyo si haki kumwuzia kijana shahada ya farasi kana kwamba ni mlango wa nyuma wa kuingilia udaktari.

Uhusiano wa vyuo na farasi ni wa zamani kuliko inavyodhaniwa. Chuo cha kwanza cha tiba ya wanyama barani Ulaya kilifunguliwa mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mkuu wa shule ya kupanda farasi. Na chuo cha London kilipoanzishwa mwaka 1791, profesa wake wa kwanza, Charles Vial de Sainbel, alikuwa tayari ameupima mwili wa Eclipse, farasi wa mbio ambaye hakuwahi kushindwa, akitafuta katika mifupa yake siri ya kasi. Farasi alikuwa injini ya jeshi, ya shamba na ya usafiri, na maradhi yake yalikuwa hasara ya dola nzima. Trekta na gari vilipompokonya kazi hizo katika karne ya 20, masomo ya tiba yaliwageukia zaidi ng'ombe, kuku, mbwa na paka, na farasi akabaki katika michezo na mbio, mahali ambapo thamani ya mnyama mmoja huweza kupita ya shamba zima, lakini wanaomtunza wengi walijifunza kwa kuwatazama waliowatangulia. Pengo hilo ndilo linalozibwa na shahada hii.

Somo linalostahili kutangulia yote ni tumbo. Farasi hula nyasi kama ng'ombe, lakini hacheui, wala hana matumbo manne; tumbo lake ni moja, dogo, lenye ujazo wa lita 8 hadi 15 tu, na kazi ya kuzichachusha nyasi hufanywa na vijidudu wanaoishi nyuma, katika utumbo mpana na katika mfuko mkubwa uitwao sekamu. Zaidi ya hayo, farasi hawezi kutapika, kwa kuwa msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo lake una nguvu kiasi kwamba kilichoingia hakirudi. Maumbile haya yanaeleza kwa nini msokoto wa tumbo, ambao kwa mnyama mwingine ungekuwa usumbufu wa siku moja, huhesabiwa miongoni mwa vinavyoua farasi kwa wingi. Akipewa nafaka nyingi kwa mlo mmoja, wanga usiomeng'enywa humwagika hadi utumbo mpana, vijidudu huuchachusha upesi mno, asidi hupanda, na madhara yake huweza kuonekana mahali ambapo asiyesoma hangetazama kamwe, yaani miguuni, pale tabaka laini zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato zinapovimba na kuachia, na farasi akashindwa kusimama. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kwamba farasi wa kilo 500 hapaswi kupewa chini ya kilo 7 na nusu za majani makavu kwa siku, na kwamba nafaka, ikibidi, igawanywe katika milo midogo isiyozidi takriban kilo 2 kila mmoja. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kigumu ni kuelewa inatoka wapi, na hapo ndipo chuo kinapoonyesha thamani yake.

Uzazi nao ni somo ambalo baiolojia hugongana na kanuni za watu. Farasi jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 340, na kwa asili huingia kwenye joto msimu ambao mchana ni mrefu, ili mtoto azaliwe majani yakiwa mabichi. Lakini katika nchi za kaskazini ya ikweta, farasi wote wa mbio wa kizazi cha Thoroughbred huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka ifikapo Januari 1, hata aliyezaliwa Mei, na kwa sababu hiyo kila mfugaji hutaka mtoto azaliwe mapema iwezekanavyo baada ya tarehe hiyo, ili asishindane akiwa mdogo kuliko wenzake. Njia inayotumika ni taa: tangu mapema Desemba majike huwekewa mwanga hadi saa 16 kwa siku, ubongo hupunguza melatonini, ambayo ni homoni ya giza, na mwili hudanganyika kwamba majira ya kuchipua yamefika. Jambo la pili la kanuni ni kwamba uhamilishaji, yaani upandishaji kwa chupa, hauruhusiwi kwa kizazi hicho, na mtoto aliyepatikana kwa njia hiyo haandikishwi. Dume na jike ni lazima wakutane ana kwa ana. Kanuni hiyo moja imezaa ajira nyingi, kwa maana ndiyo inayoyalazimu majike kusafirishwa, kupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti ili siku ya yai kuachiliwa ijulikane, na kupangiwa zamu kwa dume ambaye ada ya mara moja yaweza kufika makumi ya maelfu ya dola.

Jimbo la Kentucky, ambako Chuo Kikuu cha Kentucky kimo katika jiji la Lexington, lililozungukwa na mashamba ya farasi, lilitoa mwaka 2001 mfano mkubwa wa kazi ya taaluma hii. Mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei wa mwaka huo, majike kwa maelfu walitupa mimba, wengine zikiwa changa na wengine zikikaribia kuzaliwa, na baadhi ya watoto waliozaliwa hai walikufa punde. Mwanzoni ilishukiwa sumu ya ukungu kwenye majani, kisha sayanidi, kwa kuwa miti ya cheri mwitu iliyoota kando ya malisho ina sumu hiyo katika majani yake. Watafiti walipolinganisha mashamba yaliyopata hasara na yale yaliyosalimika, waligundua kwamba pamoja na cheri kulikuwa na viwavi wa mahema, wadudu wanaosuka utando juu ya miti hiyo na ambao majira yale walikuwa wametapakaa hadi majanini na katika maji ya kunywa. Majaribio yalithibitisha kwamba jike aliyelishwa viwavi hao hutupa mimba, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vinyweleo vya kiwavi huchoma ukuta wa utumbo na kufungulia bakteria njia ya kuingia katika damu. Dawa yake haikuwa sindano, bali shoka lililokata cheri na ua lililowazuia majike kuifikia. Swali hili lilihitaji mtu wa wadudu, mtu wa malisho, mtu wa uzazi na mtu wa takwimu wakae meza moja, na asiye na lugha ya wote hao hangeweza hata kuyaelewa matokeo.

Mhitimu huajiriwa kuendesha shamba la uzalishaji, kutengeneza na kuuza lishe, kusimamia minada, kukadiria bima, kupima dawa haramu katika mbio, au kuendesha vituo vya tiba kwa njia ya kupanda farasi. Chuo Kikuu cha Louisville, katika jimbo lilelile la Kentucky, kimeiweka elimu hii ndani ya kitivo cha biashara, na uamuzi huo una hekima, kwa kuwa mashamba mengi huanguka kwa hesabu mbovu kabla ya kuanguka kwa ugonjwa. Mwenye kuchagua chuo hufanya vyema kuuliza mambo mawili kabla ya kuuliza kingine: chuo kina farasi wangapi wanaoguswa na wanafunzi kila siku, na ni mashamba gani yanayowapokea kwa mafunzo ya vitendo. Kupenda farasi ni sharti la kuanza, lakini upendo usiojua mlo wa kilo ngapi huua kama uzembe.

Kwa Afrika Mashariki, uzito wa elimu hii ulijulikana kwa gharama ya damu. Msafara wa Kireno ulioongozwa na Francisco Barreto ulipofika Sena, kando ya mto Zambezi, mwaka 1571, farasi wake walianza kufa, na Waislamu waliokuwa wakifanya biashara mjini humo, watu wa mtandao uleule wa Waswahili wa pwani, wakatuhumiwa kuwatilia sumu, wakauawa. Wanahistoria wengi wanaona kwamba muuaji halisi alikuwa mbung'o, anayeambukiza malale ya wanyama, ugonjwa ambao kijidudu chake hakikutambuliwa hadi David Bruce alipokiona huko Zululand katika miaka ya 1890. Adui wa pili ni homa ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na usubi, na ambayo huweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga huku ikiwapitia punda na punda milia bila madhara makubwa. Maradhi hayo mawili yanasaidia kueleza kwa nini farasi hakuenea bara, na kwa nini hata leo wafugaji hushauriwa kuwafungia farasi ndani kabla jua halijazama, saa ambazo usubi huanza kuruka.

Punda ndiye jamaa wa farasi aliyeibeba pwani, na kwake elimu hii ina kazi ya kila siku. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitoa kipimo cha ngazi 1 hadi 9 cha kujua unono wa farasi kwa kumpapasa sehemu sita, zikiwemo shingo, mbavu na shina la mkia, kwa sababu manyoya hulidanganya jicho lakini hayaudanganyi mkono. Kipimo hicho hakimfai punda moja kwa moja, kwani punda hujaza mafuta juu ya shingo, na mafuta hayo huweza kugeuka magumu yakabaki palepale hata mnyama akikonda. Kwa hiyo punda ana kipimo chake, cha ngazi 1 hadi 5. Katika mji wa Lamu, ambako hospitali ya punda imekuwepo tangu mwaka 1987, mkono wa anayejua hupita kwanza shingoni, kisha huteremka hadi mbavuni na kubonyeza taratibu, na punda aliyeonekana mnene chini ya magunia ya mchanga wa kujengea huhisiwa mbavu zake moja baada ya nyingine.