Nguvu ya Sekunde Mbili: Busta ya Mkononi na Betri za Mwambao wa Tanga

Zamani gari likigoma kuwaka mjini Tanga, dawa ilikuwa vijana wa kijiweni. Dereva alitia gia ya pili, wao wakasukuma, klachi ikaachiwa ghafla na injini ikashtuka. Magari mengi ya leo hayaitikii dawa hiyo. Toyota IST, Noah na mengine yanayotoka Japani yakiwa yametumika, mengi ni otomatiki. Giaboksi yake hufanya kazi kwa shinikizo la mafuta kutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima, pampu nayo imelala, na magurudumu yanazunguka bure.

Ndipo inapoingia busta ya mkononi, betri ndogo ya lithiamu isiyozidi sana ukubwa wa kitabu, yenye waya mbili fupi na vibano viwili. Dereva aliyeacha taa zikiwaka akisubiri kivuko cha Pangani anaweza kuliwasha gari bila kutafuta gari la pili la kumbustia.

Hesabu yake inashangaza. Betri ya gari dogo yenye ampea-saa 45 kwa volti 12 hubeba nishati ya wati-saa 540. Busta iliyoandikwa miliampea-saa 12,000 hubeba wati-saa 44 tu, kwa kuwa kipimo hicho huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli moja. Lakini stata ya injini ndogo ya petroli ikivuta ampea 150 kwa volti 10, kwa sekunde 2, hutumia jouli 3,000, ambazo hazifiki hata wati-saa 1. Stata haidai akiba kubwa ya umeme. Inadai umeme utoke kwa wingi kwa mkupuo mmoja, na hiyo ndiyo kazi ambayo betri iliyochoka haiwezi tena.

Betri ya gari ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859: sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki. Seli zake 6, kila moja ikiwa na volti 2.1, hutoa volti 12.6 ikijaa. Betri ya lithiamu-ioni iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuiendeleza. Seli 3 za aina hiyo zilizojaa, kila moja volti 4.2, nazo hutoa 12.6 zilezile. Ndiyo maana busta nyingi hulingana na gari bila matata.

Betri ya gari inapotumika, juu ya sahani zake hujengeka fuwele za salfeti ya risasi. Ikiachwa hivyo wiki kadhaa bila kuchajiwa, fuwele hizo hukomaa na kuziba njia ya umeme. Joto huongeza balaa: kila likipanda nyuzi 10, kemikali huenda kasi karibu maradufu, vyuma vya ndani huliwa na maji hukauka. Kati ya Desemba na Machi, mchana wa Tanga hupita nyuzi 30, na chini ya boneti ni zaidi ya hapo. Mwambao hudhoofisha betri kimyakimya. Udhaifu wake hujitokeza gari likilala Lushoto mwezi wa Julai, pale baridi inapoyafanya mazito mafuta ya injini na kuipunguzia nguvu betri yenyewe.

Kubusti kuna utaratibu, na kila hatua ina sababu. Kwanza hakikisha gari ni la volti 12. Malori mengi, Fuso na Scania yakiwemo, hutumia 24. Betri iliyovimba au kupasuka isiguswe. Zima taa na redio, weka gia kwenye P, kisha bana kibano chekundu kwenye chanya ya betri. Cheusi kibanwe kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na cheche hutokea pale kibano cha mwisho kinapogusa. Piga stata sekunde chache, usiing'ang'anize. Ikigoma, pumzika kidogo kabla ya kurudia. Injini ikiwaka, toa cheusi kwanza.

Busta yenyewe isiachwe ndani ya gari lililoanikwa juani, kwani humo joto linaweza kukaribia nyuzi 60, na seli za lithiamu huharibika na zinaweza hata kushika moto.

Gari likishawaka, betri bado ni mgonjwa. Ichajiwe hadi ijae, iachwe ipumzike, kisha ipimwe: ikishuka chini sana ya volti 12.4, muda wake umekwisha. Hapo lipo jambo zito zaidi: betri iliyokufa iende wapi. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatilia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo, hadi kilipofunga kazi mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Betri iliyokufa Tanga ina risasi na asidi ileile. Ibebwe ikiwa wima na nzima hadi kwa mnunuzi mwenye kibali, na asidi yake isimwagwe uani wala mtaroni.