Bwawa lisilo na klorini: Linamfaa nani?

Mwenye nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea hununua klorini mwaka mzima, wageni wawepo wasiwepo. Bei ikipanda hana la kufanya, kwani maji yasipotiwa dawa hugeuka kijani siku chache tu baadaye. Ndiyo maana bwawa linalosafishwa kwa mimea, na ambalo pia huwaleta ndege, vyura na kereng'ende uani, humvutia kila mwenye mtaji anayesikia habari zake.

Mabwawa ya aina hii yalianzia Austria katika miaka ya 1980, kisha yakaenea Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Marekani. Sifa yake inayotangazwa zaidi ni kwamba halihitaji dawa. Jambo lisilotangazwa sana ni kwamba lina kikomo cha waogeleaji kwa siku, na kikomo hicho ndicho kinachoamua kama mtaji utarudi.

Jinsi linavyofanya kazi

Eneo la maji hugawanywa sehemu mbili, na katika muundo uliozoeleka sehemu hizo hukaribia kulingana. Moja ina kina cha kutosha na ni ya kuogelea. Nyingine ina kina kifupi, imejazwa kokoto na kupandwa matete, mayungiyungi na mimea mingine ya majini. Ukuta unaoishia chini kidogo ya uso wa maji huzitenganisha. Pampu huyazungusha maji kutoka kwa waogeleaji, yakapita kwenye kokoto na mizizi, kisha yakarudi.

Bakteria wanaoishi juu ya kokoto huvunja jasho, mafuta ya ngozi na majani yaliyooza. Mimea hunyonya nitrojeni na fosforasi zinazobaki. Kwa njia hiyo mwani, ambao ndio unaoyafanya maji yawe kijani, hukosa chakula. Klorini huua mwani. Mimea huushindisha njaa.

Kutokana na hilo zipo kanuni ambazo hazivunjwi. Udongo wa bustani hautiwi bwawani, na maji ya mvua yanayopita kwenye mbolea huelekezwa kwingine. Samaki na bata hawafugwi humo, maana kinyesi chao ni mbolea. Matete hukatwa na kutolewa nje kabla hayajaoza. Katika nchi za baridi kazi hiyo hufanywa hasa kabla ya majira ya baridi. Katika nchi za joto mimea hukua mwaka mzima, hivyo mshahara wa mkataji nao ni wa mwaka mzima.

Upande wa mimea ukijengwa kwa mteremko, ndege hupata pa kunywa na vyura pa kutokea. Popo nao hufuata wadudu jioni. Kwa nyumba ya wageni hiyo ni bidhaa ya kuuza: mgeni anayepanda ndege kuja kuangalia wanyama hulipia pia asubuhi yenye sauti za ndege.

Hesabu ya ardhi na umeme

Anayetaka mita za mraba 50 za kuogelea atahitaji eneo la maji la mita 100 hivi. Shimo ni kubwa zaidi, karatasi ya mpira ya kuzuia maji ni kubwa zaidi na kokoto ni nyingi zaidi. Kwa hiyo mtaji wa kuanzia haupungui ule wa bwawa la kawaida, na mara nyingi huuzidi. Mjini, ambako kiwanja ni ghali, hesabu inaweza kuishia hapo.

Umeme nao una mtego. Pampu ya bwawa la kawaida yenye wati 750, ikifanya kazi saa 8 kwa siku, hutumia uniti 6, yaani uniti 180 kwa siku 30. Pampu hiyo hiyo ikiwekwa kwenye bwawa la mimea na kuzunguka saa 24, hutumia uniti 18 kwa siku, sawa na 540 kwa mwezi. Fedha iliyookolewa kwenye klorini huweza kumezwa na ankara ya umeme. Pampu ya wati 200 inayosukuma maji polepole hutumia uniti 144 tu kwa mwezi, hata ikifanya kazi usiku na mchana. Faida basi inategemea pampu itakayochaguliwa.

Tiketi zina kikomo

Bwawa la kawaida likijaa watu sikukuu, msimamizi huongeza dawa. Bwawa la mimea halina cha kuongezwa. Bakteria na mizizi hufanya kazi kwa kasi yao.

Mifano miwili inatosha. Huko Riehen, Uswisi, bwawa la umma lililofunguliwa mwaka 2014 lilisanifiwa kupokea hadi watu 2,000 kwa siku, lakini vitanda vyake vya kuchujia vilibidi vijengwe kwenye mteremko ng'ambo ya barabara. Huko London, bwawa la King's Cross lenye urefu wa mita 40, lililofunguliwa mwaka 2015 na kufungwa mwaka 2016, liliruhusu watu 163 tu kwa siku. Mwekezaji aliyepanga kuuza tiketi 300 siku ya Idi au Krismasi kwenye bwawa la ukubwa huo angekuwa amepanga hasara.

Kichocho na mbu

Kwa wawekezaji wa Afrika Mashariki hesabu ina mstari mmoja zaidi, ambao Austria haikuwa nao. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya muogeleaji. Ugonjwa huu upo kandokando ya Ziwa Victoria, na upo Unguja na Pemba. Bwawa lisilo na klorini halina cha kuviua.

Hatari huanzia kwenye kubana matumizi. Mimea ya bei nafuu kuliko yote ni ile inayong'olewa mtoni, nayo ndiyo hubeba konokono na mayai yao. Maji yatoke bombani au kisima kirefu, mimea ioteshwe kitaluni, na vyoo viwe karibu na bwawa, kwa sababu mayai ya vimelea hufika majini kwa mkojo na kinyesi cha binadamu. Mbu nao hutoka yai hadi kuruka katika wiki moja au mbili. Kona yoyote ambayo maji yake hayasogei ni kiwanda chao.

Kwa mwenye nyumba ya vyumba vichache, kiwanja kipana na maji ya kisima, bwawa hili linaweza kulipa. Kwa anayetegemea umati wa sikukuu, au aliye katika eneo la kichocho, ni salama zaidi kubaki na klorini na kuchimba pembeni kidimbwi cha ndege na vyura ambacho hakuna anayeoga. Humo samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wanaruhusiwa, na mgeni atakuwa na cha kutazama akiwa kitini, mguu wake mkavu.