Je, Wajua? Kibanda cha bustani kina vipimo vya kisheria

Nchini Ujerumani, wakazi wa mijini hukodi vipande vya bustani, na sheria ya mwaka 1983 imekifikia hadi kibanda cha kutunzia majembe. Kisizidi mita za mraba 24, baraza lenye paa likiwemo, wala kisijengwe kwa namna ya kufaa kuwa makazi ya kudumu. Kupumzika humo, sawa. Kuhamia na familia, hapana! Na anayetaka nyasi tupu ili achome nyama kila Jumapili, asahau: mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Shirikisho iliamua kwamba, kwa kawaida, angalau theluthi ya eneo ilimwe mboga na matunda. Kitalu nyumba cha nyanya je? Hapo soma kwanza kanuni za chama chako cha bustani.